Kukaguliwa gari Tanga: ofisi ya kwenda, karatasi za kushika, na yanayofelisha magari

Swali la kwanza ambalo wenye magari huuliza ni "ukaguzi shilingi ngapi?" Hilo utaliuliza ofisini, hapa hatutalijibu. Anza na hili: gari lako linafanya kazi gani, na nani anaitaka hiyo ripoti? Ukishalijibu, utajua ofisi ya kwenda, karatasi za kubeba na kiasi cha kazi kilichopo gereji kabla hujalipeleka gari mbele ya mkaguzi.

Gari lako liko kundi gani

Msingi wa yote ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973. Gari bovu halitakiwi barabarani, na askari wa usalama barabarani anaweza kulisimamisha akaliangalia siku yoyote. Juu ya msingi huo njia zinatofautiana.

Gari la biashara, liwe Hiace ya daladala, Coaster, basi la Dar, lori la saruji la Pongwe au teksi, linahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. LATRA ilichukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ingawa stendi ya Kange bado utasikia watu wakisema "kibali cha SUMATRA". Kati ya nyaraka wanazotaka ni ripoti ya ukaguzi kutoka polisi. Maana yake ukaguzi unatangulia na leseni inafuata. Wenye magari wengi huyafanya kinyume: wanasubiri leseni ibakize siku mbili, ndipo wanagundua gari halina ripoti na tena lina kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) iliyokwama.

Gari binafsi halina leseni ya LATRA. Ile ada ya gari ya kila mwaka, "rodi laisensi", ilifutwa mwaka 2017, na tangu hapo wapo waliojijengea imani kwamba gari la nyumbani halidaiwi chochote. Bima bado ni lazima. Na ukaguzi upo: gari hupita kwa wakaguzi wa polisi na kupewa stika ya Nenda kwa Usalama, mbali ya kusimamishwa njiani. Stika ya kwenye kioo haimzuii askari kuinama kuangalia tairi lako.

Kundi la tatu ni magari yenye sababu maalumu: yaliyopata ajali, yaliyobadilishwa injini, rangi au bodi, na yanayohamishwa kutoka matumizi binafsi (namba ya njano) kwenda biashara (namba nyeupe). Hapa gari hukaguliwa na polisi, kisha taarifa zake hubadilishwa TRA ili kadi ilingane na gari lenyewe. Magari yaliyotumika yanayoingia kutoka nje yana utaratibu wake chini ya TBS kabla ya kusajiliwa, na hayo hatutayagusa hapa.

Pa kwenda ukiwa Tanga

Ukaguzi wa magari yaliyosajiliwa hufanywa na wakaguzi wa magari wa Kikosi cha Usalama Barabarani. Kwa aliye jijini, pa kuanzia ni ofisi ya Mkuu wa Usalama Barabarani wa mkoa, ambaye watu humwita RTO. Ukifika kituo cha polisi, usiulize tu "wapi wanakagua magari". Sema gari la aina gani na ripoti ni ya nini: leseni ya LATRA, stika, ajali, au mabadiliko ya kadi. Kila moja huenda ikawa na fomu yake na siku yake. Uliza pia kama gari linakaguliwa hapohapo au kuna uwanja mwingine, maana lori lenye tela halikaguliwi kwenye kiwanja kidogo kilichojaa pikipiki zilizokamatwa.

Aliye nje ya jiji hana haja ya kuja Tanga mjini kwa kila jambo. Mkoa una wilaya 8: Tanga, Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe, Handeni, Kilindi na Lushoto, na kila wilaya ina mkuu wa usalama barabarani wake, DTO. Mwenye Noah ya Lushoto aanze kwa DTO wa Lushoto. Kama mkaguzi hayupo siku hiyo, ataambiwa anakuja lini au aende wapi. Simu moja asubuhi inaokoa mafuta ya kushuka na kupanda Mombo.

Kwa anayetaka kipimo cha mashine kabla ya kununua gari au kwa basi la safari ndefu, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, kina kituo cha ukaguzi wa magari. Ni mbali, kama kilomita 350, hivyo si safari ya kufunga kwa ajili ya stika. Lakini kama gari linakwenda Dar kwa shughuli nyingine, mashine ya breki itakuonyesha kitu ambacho jicho halikioni: nguvu ya kila gurudumu peke yake. Uingereza, kwa mfano, tofauti ya breki kati ya gurudumu la kushoto na la kulia kwenye ekseli moja ikizidi asilimia 30 gari linafeli, hata kama dereva anaona "breki inashika".

Karatasi

Weka kwenye bahasha moja: kadi ya gari, bima iliyo hai, leseni ya dereva yenye daraja la gari hilo, kitambulisho cha mmiliki, TIN, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi kama ipo. Gari si lako? Beba barua ya mmiliki. Bado liko kwa jina la mtu aliyekuuzia? Maliza kuhamisha umiliki TRA kwanza, maana kila ofisi utakayoingia itarudi kwenye jina hilo.

Bima ithibitishe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kutumia namba ya gari. Stika nzuri kwenye kioo haina maana kama mfumo hauitambui. Angalia pia aina ya bima: Hiace inayobeba abiria ikiwa na bima ya gari binafsi, LATRA haitapita.

Kisha ingia kwenye mfumo wa polisi wa TMS, weka namba ya gari uone madeni ya faini. Faini ya kawaida ni 30,000 kwa kosa, na gari linaloendeshwa na madereva watatu hukusanya nyingi bila mmiliki kujua. Malipo yote ya serikali hupita kwa kontroo namba. Ukiambiwa utume kwenye namba ya simu ya mtu, huyo ni kishoka.

Namba ya chesisi na ya injini

Hiki ndicho kinachorudisha magari mapema kuliko yote, na gereji wachache hukiangalia. Mkaguzi hushika kadi mkononi, hufungua boneti, husoma. Namba ya chesisi ya magari mengi ya Kijapani iko kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, chini ya kapeti karibu na kiti cha mbele, au kwenye chuma cha chesisi upande wa gurudumu kwa pikapu na malori. Namba ya injini imepigwa kwenye bloku, mara nyingi mahali palipojaa oili na vumbi lililoganda.

Ifute kwa kitambaa chenye dizeli, kausha, halafu sugua chaki juu yake. Chaki huingia kwenye mikato na namba husomeka hata kwa tochi ya simu. Usisugue kwa msasa wala brashi ya waya. Namba iliyokwanguliwa inatia shaka kuliko isiyosomeka, na utaelezwa uthibitishe kwamba gari si la wizi.

Kama injini ilishabadilishwa na kadi bado ina namba ya zamani, usitegemee mkaguzi asiangalie. Tafuta risiti ya injini uliyonunua na anza utaratibu wa kubadilisha taarifa. Bila risiti hiyo kazi ni ngumu mara mbili, kwa hiyo anayenunua injini kwenye maduka ya spea aidai siku ileile.

Breki

Anza ukiwa umekaa kwenye kiti. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Ishikilie hivyo, washa injini. Pedali inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, busta (kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki) haisaidii, au paipu yake ya hewa imepasuka. Sasa injini ikiwa inanguruma, kanyaga kwa nguvu ya kawaida na ushikilie dakika moja. Ikizama polepole hadi sakafuni, kuna kuvuja, au mipira ya masta silinda imechoka. Ikiwa laini kama sponji na inakuwa ngumu ukiipampu, kuna hewa kwenye mfumo. Fundi akikuambia "ongeza tu mafuta ya breki", muulize yale ya kwanza yalikwenda wapi. Mafuta ya breki hayaliki kama petroli. Yakipungua sana, ama pedi zimeisha ama yanavuja.

Mafuta yenyewe hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka hushuka. Kwenye barabara tambarare ya Muheza hutaona tofauti. Teremko la Lushoto kwenda Mombo ndilo linaloonyesha: breki hupata moto, maji ndani ya mafuta hugeuka mvuke, na pedali inakwenda mpaka chini bila kushika kitu. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka 2, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, DOT 3 au DOT 4. Kuongezea juu ya mafuta meusi hakuhesabiki kuwa kubadilisha.

Toa magurudumu. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12, na ikifika 3 badilisha. Tazama pedi zote mbili za gurudumu moja. Ya ndani ikiisha na ya nje ikiwa bado nene, kalipa imekwama kwenye pini zake, ugonjwa wa kawaida kwa magari yanayolala karibu na bahari, kuanzia Raskazone hadi Mkinga. Kubadilisha pedi bila kusafisha pini na kuzipaka grisi ya breki ni kutupa pedi mpya. Diski ina unene wa mwisho uliopigwa pembeni yake kwa herufi MIN TH. Ikiwa chini ya hapo haichongwi tena, inabadilishwa.

Nyuma, kwenye dramu, vuta ukingo wa mpira wa silinda ya gurudumu. Pakiwa pabichi kwa mafuta, silinda imekufa, na laini (vipande vinavyosugua dramu) zilizolowa mafuta hazioshwi kwa petroli zikarudi. Hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja.

Handibreki ishike ndani ya mivuto 5 hadi 8. Ikipanda mpaka juu, usikimbilie kukaza kebo. Rekebisha kwanza laini za nyuma, kisha kebo, la sivyo laini zitagusa dramu muda wote na kupata moto.

Jaribio la mwisho ni la barabarani. Chagua sehemu tambarare isiyo na magari, mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, legeza mikono kwenye usukani bila kuuachia, kanyaga breki kwa nguvu. Gari likivuta kushoto, tatizo mara nyingi liko kulia: upande usioshika.

Tairi

Pembeni ya tairi kuna tarakimu 4 ndani ya duara ndefu baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Maduka mengi huuza tairi za mtumba kutoka Japani zenye makashata (mikato ya uso wa tairi) mazuri na umri wa miaka minane. Umri huo umeshakausha mpira wake, na mipasuko midogo ubavuni utaiona ukiibonyeza kwa kidole gumba. Mkaguzi makini naye huiona.

Kina cha makashata: ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vyenye urefu wa milimita 1.6. Uso wa tairi ukishalingana navyo, tairi limekwisha. Kwa masika ya Tanga usifike huko, anza kutafuta jingine likibaki milimita 3.

Soma namna lilivyolika. Pembe zote mbili zimeisha na katikati pazima: upepo mdogo. Katikati pameisha: upepo mwingi. Upande wa ndani peke yake: alaimenti (mnyooko wa magurudumu), au bushi zimekufa na alaimenti haitakaa hata ukilipia mara tatu. Mabonde mabonde: shokapu.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, na magari ya Japani huandika kPa. 220 ni kama psi 32, 240 ni kama psi 35. Pima asubuhi tairi likiwa baridi. Na tairi la spea ni sehemu ya ukaguzi, pamoja na jeki na spana yake. Spea lililolala chini ya Noah miaka sita bila kuguswa, mara nyingi hata mnyororo wake umeshika kutu na haushuki.

Usukani na chini ya gari

Injini ikiwaka na magurudumu yakiwa yamenyooka, sogeza usukani kidogo kidogo mpaka tairi lianze kujongea. Mchezo ukizidi sentimita 3 pembeni ya usukani, tafuta chanzo.

Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka stendi au jiwe imara, usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni boljointi, kiungo kinachoshika gurudumu. Sasa shika kushoto na kulia. Mchezo hapo huwa ni tairodi au rek endi, viungo vya usukani. Kagua mipira ya boljointi na ya mashafti: ikipasuka, mchanga mwekundu wa barabara za mashamba ya mkonge huingia, na kiungo kizima kinakwisha ndani ya muda mfupi. Mpira ni bei ndogo, shafti si bei ndogo.

Shokapu ipimwe kwa kukandamiza kona ya gari na kuachia. Gari lipande, lishuke, litulie. Likiendelea kuyumba, au mwili wa shokapu ukiwa umelowa oili, imekwisha.

Kutu

Gari la pwani huoza kutokea ndani. Rangi inaweza kung'aa huku kingo za chini ya milango zikiwa karatasi. Chukua bisibisi butu, gonga taratibu chini ya milango, kwenye sakafu, na hasa chuma cha chesisi karibu na mahali springi na mikono ya shokapu inapofungwa. Mlio ukibadilika kutoka wa chuma kizima kuwa mlio mfu, hapo pana tundu lililofunikwa. Bomba za breki zinazopita chini ya sakafu ni za kuangaliwa kwa tochi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kutu ya juu juu inapigwa msasa na kupakwa rangi, lakini bomba lenye magamba libadilishwe lote, lisiungwe kwa kipande cha mpira.

Magari yanayovuka kwa kivuko cha Pangani au kupita ufukweni yaoshwe chini kwa maji baridi ya bomba kila yanaporudi. Wengi huosha juu.

Kuhusu kuziba: kibandiko cha chuma kilichochomelewa vizuri kuzunguka pande zote hukubalika kwa fundi anayejua kazi. Fiba na puti kwenye chesisi ni kuficha, na nyundo ndogo ya mkaguzi huifichua mara ya kwanza.

Taa na umeme

Washa kila taa, mmoja akae ndani na mwingine azunguke: taa ndogo, kubwa chini na juu, indiketa zote, haizadi, breki zote tatu, rivasi, taa ya namba ya nyuma. Hii ya namba husahaulika kila mwaka, na balbu yake haina bei.

Ukikanyaga breki na indiketa nayo ikaanza kuwaka hafifu, usibadilishe balbu. Ni ethi. Waya mweusi unaofungwa kwenye bodi nyuma ya taa umeshika kutu. Fungua nati, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga.

Mwelekeo wa taa kubwa unapimika nyumbani. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani mahali tambarare, weka alama ya chaki ukutani kwa urefu wa kati ya taa. Mstari wa juu wa mwanga wa chini uwe kama sentimita 5 chini ya alama. Magari ya Japani huendeshwa kushoto kama hapa, hivyo mwanga wake huinuka upande wa kushoto, inavyotakiwa. Gari lililotoka Ulaya bara, hata likigeuzwa usukani, taa zake bado humpiga usoni anayekuja, na dawa ni kubadilisha taa zenyewe. Balbu za LED za bei rahisi ndani ya taa iliyoundwa kwa balbu ya kawaida nazo humwaga mwanga kila upande. Zirudishe za H4, wati 60/55, kabla ya siku ya ukaguzi, na ikiwezekana ziache hapohapo.

Dashibodi: geuza funguo bila kuwasha injini. Taa za ABS, mfuko wa hewa, oili na chaji lazima ziwake, halafu baada ya injini kuwaka zizime. Taa ya ABS isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka, kwa sababu huenda kuna mtu aliing'oa balbu. Betri ipime: volti 12.6 ikiwa imetulia, 13.8 hadi 14.5 injini ikiwaka.

Vitu vidogo

Waipa zisiache mistari, honi iliye, saidi mira zote mbili zishike, mikanda ya viti vyote ifunge, hata ile ya viti vya nyuma iliyofichwa chini ya kitambaa. Kioo cha mbele kisiwe na ufa mbele ya macho ya dereva. Mtungi wa kuzimia moto uwe na mshale kwenye kijani na tarehe ya huduma isiyopita mwaka. Wa unga ugeuze juu chini na kuutikisa mara kwa mara, unga usigande. Pembetatu za kuakisi mbili, sanduku la huduma ya kwanza, rifleksi kwa malori.

Moshi unasema wenyewe. Mweusi kwenye dizeli: chujio la hewa limeziba au nozeli zimechoka. Wa bluu: injini inakula oili. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto: maji yanaingia kwenye chumba cha kuunguzia.

Basi la masafa lina ziada: kifaa cha VTS (cha kufuatilia mwendo wa gari) kinachofanya kazi, mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, mlango wa dharura unaofunguka bila nyundo, na viti vilivyofungwa kwenye sakafu kwa boliti. Viti vya ziada vya Hiace vilivyochomelewa mtaani ndivyo vya kwanza kung'olewa.

Bajaji na pikipiki

Bajaji: breki za nyuma zishike sawa kushoto na kulia, kebo ya handibreki isiwe imekatika, na mlio wa ekzozi uwe wa kiwandani. Pikipiki: mnyororo uchezee sentimita 2 hadi 3 katikati, foku za mbele zisivuje oili, saidi mira mbili zirudi mahali pake. Vijana hung'oa saidi mira ili kupenya foleni, kisha hushangaa kurudishwa. Helmeti mbili, ya dereva na ya abiria.

Siku yenyewe

Fanya ukaguzi wako wa nyumbani wiki mbili kabla, si juzi yake. Osha chini ya gari na injini siku tatu kabla, tembea nalo, kisha angalia oili mpya inatokea wapi. Gari lililooshwa asubuhi ileile linamfanya mkaguzi atafute unachoficha.

Nenda mapema asubuhi, katikati ya wiki. Kipindi cha wiki ya Nenda kwa Usalama na siku za kabla ya shule kufunguliwa, magari ya wanafunzi yakipelekwa kwa mkupuo, foleni hujaa. Shusha mizigo, acha spea na jeki zifikike, jaza mafuta kiasi. Dereva anayelijua gari ndiye aende. Dereva wa kukodi asiyejua mahali kifungio cha boneti kilipo humpotezea mkaguzi muda, na mkaguzi aliyepotezewa muda huangalia zaidi.

Ukifeli, omba kasoro ziandikwe zote. "Breki mbaya" haitoshi, uliza gurudumu lipi na kwa nini. Kama gari ni hatari, polisi wanaweza kung'oa namba na kulizuia, na hapo hulipeleki gereji kwa kuliendesha, unaita la kuvuta. Kasoro ndogo unatengeneza na kurudi. Hifadhi risiti za spea na vipuri vya zamani ndani ya mfuko, kwa kuwa mkaguzi akiona pedi zilizotolewa hakuulizi maneno mengi.

Vishoka wa nje ya geti watakuambia karatasi inapatikana gari likiwa nyumbani. Ripoti isiyo na gari lililoonekana ni karatasi ya kughushi, na ikitokea ajali, bima ndiyo ya kwanza kuikataa.

Ripoti ikishatoka na gari ni la biashara, ingia kwenye mfumo wa LATRA wa RRIMS, pakia nyaraka zikiwa zimeskaniwa vizuri (picha ya simu yenye kivuli hurudishwa), pata kontroo namba, lipa, kisha chapisha leseni na uiweke ndani ya gari. Ofisi ya LATRA ya mkoa ipo Tanga kwa atakayekwama.

Na kwa kuwa magurudumu yote yalifunguliwa kwenye matayarisho haya, rudia kukaza nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni Nm 103, kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limekaa chini.